Ngozi Nene, Kovu na Ngozi Iliyonywea: Namna ya Kuainisha Ugonjwa Kabla ya Kuandika Msimbo

Katika kituo kimoja cha afya nilichokuwa nikitembelea kufundisha, nilifungua daftari la wagonjwa wa nje nikakuta neno «kovu» limeandikwa mara nne katika ukurasa mmoja. Wawili kati ya wagonjwa hao walikuwa bado wanahudhuria kliniki, nikaomba niwaone. Wa kwanza alikuwa msichana mwenye uvimbe mgumu, unaong'aa, ukubwa wa kokwa ya zambarau, nyuma ya ndewe ya sikio alilotogwa mwaka uliotangulia. Wa pili alikuwa mama mwenye michirizi mipana iliyozama kwenye makwapa na mapaja, baada ya miaka mingi ya kupaka krimu za kung'arisha. Wa kwanza ngozi yake ilikuwa imezidi, wa pili imepungua, na aina ya dawa ambayo ingemfaa wa kwanza, yaani steroidi inayopunguza ngozi, ndiyo hasa iliyomharibu wa pili. Daftari, hata hivyo, liliwafanya wagonjwa wa ugonjwa mmoja.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya matabibu na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, pamoja na watunza kumbukumbu wanaogeuza maneno ya tabibu kuwa misimbo ya Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, yaani ICD. Sehemu tutakayoishughulikia zaidi ni kundi la L80 hadi L99 katika toleo la 10, ambamo magonjwa ya ngozi kuwa nene, kuota makovu na kunywea yamepangwa karibu karibu, kiasi kwamba kuteleza tarakimu moja ni kuingia ugonjwa mwingine.

Hatua ya kwanza: gusa kabla hujataja jina

Msimamishe mgonjwa karibu na dirisha au mlango ili mwanga umpige kwa ubavu. Mwanga unaotoka juu, kama wa taa ya dari, huficha miinuko na mabonde ya ngozi, ilhali mwanga wa ubavuni huyafanya yaweke kivuli. Kisha pitisha kiganja polepole kutoka kwenye ngozi nzima kuelekea kwenye ngozi inayolalamikiwa, na useme moyoni umehisi nini: mkwaruzo, mwinuko, ugumu, au kushuka.

Baada ya hapo finya ngozi kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, ukiilinganisha na ngozi ya upande wa pili wa mwili. Ngozi iliyonywea hukunjamana kwa urahisi kama karatasi ya sigara na mishipa midogo huonekana chini yake. Ngozi iliyokakamaa haifinyiki kabisa. Ngozi iliyo nene kwa juu tu hufinyika, lakini uso wake unakwaruza au una mistari mikubwa kuliko kawaida.

Kuna kipimo kimoja ambacho hakigharimu chochote na ambacho sikubali kirukwe: chukua uzi wa pamba, mwambie mgonjwa afumbe macho, na umguse taratibu juu ya baka na nje ya baka. Baka lisilohisi ni la kushukiwa kuwa ukoma mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata likiwa nene, hata likiwa kavu, hata mgonjwa akiapa kwamba ni kovu la kuungua. Ukoma una msimbo wake, A30, nje kabisa ya sura ya magonjwa ya ngozi, na una dawa inayoponya.

Hatua ya pili: amua ni tabaka gani

Ngozi ina tabaka la juu, epidermisi, ambalo katika sehemu nyingi za mwili ni jembamba, takribani sehemu moja ya kumi ya milimita, lakini kwenye viganja na nyayo hufikia milimita moja na nusu. Chini yake kuna demisi, tabaka la nyuzi za kolajeni na elastini, ambalo ndilo huipa ngozi nguvu na mnyumbuko. Swali la kujiuliza ni kama kilichobadilika ni epidermisi iliyoongezeka, demisi iliyozidisha nyuzi, au tabaka mojawapo lililopungua.

Ukikwama, kumbuka kwamba epidermisi iliyoongezeka hutoa magamba au sugu, kwa hiyo ukiikwangua kitu hutoka. Kovu la demisi halitoi kitu. Uso wake ni laini, unang'aa, na hauna vinyweleo. Tofauti hiyo peke yake ingewatenganisha wagonjwa wengi wanaoingizwa pamoja.

Hatua ya tatu: ngozi nene ya juu

Sugu ndiyo ya kawaida kuliko zote, na msimbo wake ni L84, unaokusanya sugu za kawaida na zile zenye kiini kigumu kinachochoma. Mkulima anazo viganjani, na mtu anayeswali kwa miaka mingi anayo pajini mwa uso na juu ya kifundo cha mguu anachokalia. Sugu ya sijida si ugonjwa na haina haja ya kutibiwa isipopasuka. Kinachochanganya ni chunjua ya unyayoni, ambayo ni ya virusi na huandikwa B07. Ikwangue kidogo kwa wembe safi: mistari ya ngozi hupita juu ya sugu, lakini hukatika kwenye chunjua, na ndani ya chunjua hutokea vitone vyeusi vya mishipa midogo iliyoganda. Sugu huuma ukiibonyeza kwa juu, chunjua huuma zaidi ukiibana kwa pembeni. Kwa mgonjwa wa kisukari, sugu ya unyayoni si jambo dogo hata kidogo, kwa sababu chini yake mara nyingi kidonda kimeshaanza na yeye hahisi.

Ngozi nyeusi, nene na laini kama mahameli, kwenye shingo, makwapa na kinena, ni akanthosisi nigrikansi, L83. Nimemwona mama akimsugua mwanawe shingoni kwa dodoki mpaka ngozi ikachubuka, akiamini ni uchafu, na mtoto akiwa amezoea kuchekwa shuleni. Hakuna uchafu pale. Ni dalili kwamba mwili hauitikii insulini ipasavyo, kwa hiyo pima sukari, pima uzito, na uandike pia hali hiyo kwenye mstari wake. Ikimtokea ghafla mtu mzima aliyekonda, mpe rufaa haraka, kwani mara chache huwa kivuli cha saratani ya tumbo.

L85 ndiyo kapu la unene mwingine wa epidermisi: L85.0 kwa iktiosisi ya ukubwani, ambayo huweza kufuatana na UKIMWI au saratani ya tezi za limfu, L85.1 kwa viganja na nyayo zilizoota unene ukubwani, L85.3 kwa ukavu wa ngozi, L85.8 kwa mengine, ikiwemo pembe ya ngozi. Zingatia neno ukubwani. Mtoto aliyezaliwa na magamba ya samaki hapaswi kuwekwa hapa, bali Q80, na viganja vinene vya kurithi huenda Q82.

L86 ina mtego wake. Hutumika kwa unene wa ngozi unaotokana na ugonjwa ulioainishwa kwingine, na mfano wake mkuu ni upungufu wa vitamini A, ambao hufanya viwiko na magoti kuwa na vipele vikavu vinavyokwaruza kama ngozi ya chura. Msimbo huu una alama ya nyota, maana yake hausimami peke yake; ni lazima utanguliwe na E50.8, wenye alama ya msalaba, unaotaja upungufu wenyewe. Mtunza kumbukumbu akiona L86 peke yake katika fomu, arudishe fomu.

Yapo mabaka manene ambayo hayamo kabisa katika safu hii ingawa mkono unayahisi vilevile. Baka la kisogoni au kwenye kifundo cha mguu, nene, lenye mistari mikubwa iliyochorwa kama ganda la mti, linalowasha usiku, ni likeni simpleksi, L28.0. Ngozi imenenepa kwa sababu inakunwa, na inakunwa kwa sababu imenenepa. Usubi nao, ambao katika Tanzania unajulikana sana katika maeneo ya Mahenge na ambao umesumbua pia Uganda na Kongo, huweza kuifanya ngozi iwe nene kama ya mjusi kwa mgonjwa mmoja na kuinywesha kwa mgonjwa wa miaka mingi; wote wawili ni B73. Msimbo hufuata chanzo kinapojulikana, na mwonekano hushika nafasi ya pili.

Hatua ya nne: makovu

Hapa ndipo penye makosa mengi na penye majuto mengi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kovu la kawaida, bapa au lililobonyea, huandikwa L90.5, na watu hushangaa kulikuta katika kundi la magonjwa ya ngozi kunywea. Sababu ni kwamba kovu la kawaida kwa kweli lina ngozi iliyopungua: halina vinyweleo, halina tezi za jasho, na nguvu yake haifikii tena ile ya ngozi ya asili. Kovu lililozidi ndilo huvuka kwenda L91.0.

Katika L91.0 kuna makovu mawili yaliyowekwa chumba kimoja. La kwanza ni kovu nene la kawaida: hutokea wiki chache baada ya jeraha, hubaki ndani ya mipaka ya jeraha lenyewe, huwasha, kisha mara nyingi hupungua lenyewe kadiri miezi inavyopita. La pili ni keloidi: huweza kuchelewa miezi kadhaa, huvuka mipaka ya jeraha na kuvamia ngozi nzima ya jirani, na halirudi nyuma. Jina lake lilitolewa na daktari Mfaransa Alibert mwanzoni mwa karne ya 19, akilifananisha na magando ya kaa, na aliyewahi kuona keloidi ya kifuani ikinyoosha vidole vyake pembeni hatamlaumu kwa mfano huo.

Ili kuyatenganisha, muulize mgonjwa akuchoree kwa kidole jeraha lilikuwa na ukubwa gani. Swali hili lina thamani kuliko darubini. Msichana wa sikio alinionyesha tundu la hereni, nukta tu, ilhali uvimbe ulikuwa umeibeba ndewe yote ya sikio: hiyo ni keloidi. Kisha tazama mahali. Keloidi hupenda masikio, katikati ya kifua, mabega, mgongo wa juu na taya. Ni nadra sana kwenye viganja. Uliza pia juu ya ndugu wa damu, kwa kuwa hufuata ukoo, na huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hasa kuanzia umri wa kubalehe hadi miaka thelathini na kitu. Alama za chanjo ya bega, chale za dawa, tetekuwanga na chunusi za kifuani ni mianzo inayojulikana vyema kwetu.

Wanaume wenye vipele vigumu vilivyopangana kisogoni, mahali mashine ya kinyozi inapopita, msiwaweke L91.0. Wao wana msimbo wao, L73.0, kwa sababu ugonjwa unaanzia kwenye vinyweleo na si kwenye jeraha. Ushauri wa kwanza kwao ni kuacha kunyoa karibu na ngozi.

Sasa lile jambo ambalo nalirudia kila darasa: keloidi haikatwi peke yake. Kuikata bila tiba nyingine ni kutengeneza jeraha kubwa zaidi kwa mtu ambaye tayari tumeshaona mwili wake unavyojibu jeraha. Nilimpokea kijana aliyekuwa na keloidi ya punje ya mahindi begani, ikakatwa mahali fulani kwa nia njema, naye akaja kwangu baada ya mwaka na keloidi iliyojaa kiganja. Tiba ya kawaida ya kuanzia ni sindano za triamsinoloni, ambayo ni steroidi, ndani ya kovu, kila baada ya wiki nne hadi sita, zikipigwa na mtu aliyefunzwa, mara nyingine pamoja na kugandisha kwa naitrojeni ya maji. Plasta za silikoni husaidia kovu changa. Upasuaji, ukihitajika, huambatana na sindano hizo au mionzi. Anayepiga sindano ahakikishe dawa inaingia ndani ya kovu, kwani ikimwagika kwenye ngozi nzima ya jirani huinywesha na kuifanya nyeupe, na hapo utakuwa umempa mgonjwa msimbo wa pili.

Kovu la moto linahitaji uangalifu wa aina yake. Likiwa linavuta kiungo, andika kovu pamoja na T95, msimbo wa matokeo ya baadaye ya kuungua, na mpe rufaa kwa daktari wa upasuaji. Lakini kovu la moto la miaka mingi linalopasuka, likatoa kidonda kisichopona chenye kingo zilizoinuka, si suala la kufunga bandeji na kusubiri. Saratani huweza kuota humo. Kata kipande kidogo kipelekwe maabara, na usiandike C44 mpaka majibu yarudi.

Hatua ya tano: ngozi iliyonywea

Kundi la L90 lina majina marefu ya madaktari wa Ulaya, kama Pasini na Pierini katika L90.3, ambayo tabibu wa zahanati atakutana nayo mara chache mno. Matatu yatamtosha.

La kwanza ni michirizi, L90.6, inayotokea nyuzi za demisi zinapovutwa au kudhoofishwa. Ya ujauzito na ya kubalehe haina haja ya tiba. Ikiwa mipana sana, tumboni kwa mtu ambaye uso umevimba na mikono imekonda, fikiria homoni za kortisoli kuzidi mwilini, au vidonge vya steroidi anavyokunywa bila kujua ni nini.

La pili ni likeni sklerosasi, L90.0, ambayo hufanya ngozi ya sehemu za siri kuwa nyeupe, nyembamba na yenye kuwasha mno, kwa wanawake watu wazima zaidi, lakini hata kwa wasichana wadogo. Kwa mtoto, vidoadoa vya damu chini ya ngozi huweza kudhaniwa ni dalili za kuingiliwa, na familia nzima ikaingia katika tuhuma. Kwa hiyo mtoto achunguzwe na mwenye ujuzi, bila kufunga upande wowote wa uchunguzi mapema. Tiba yake ni steroidi kali ya kupaka, klobetasoli. Inaonekana kinyume, kutibu ngozi nyembamba kwa dawa inayopunguza ngozi, lakini hapa dawa inazima uvimbe unaoiharibu ngozi. Mgonjwa afuatiliwe kwa miaka, maana saratani huweza kufuata. Baadhi ya matoleo ya ainisho huihamishia likeni ya sehemu za siri kwenye sura ya N, kwa hiyo soma maelezo ya kutenga chini ya msimbo kabla ya kuandika.

La tatu ndilo limejaa mitaani: ngozi iliyonyweshwa na krimu. Mkorogo unaouzwa kwenye vikopo visivyo na jina mara nyingi huwa na klobetasoli au betamethasoni, wakati mwingine pamoja na hidrokwinoni au zebaki. Mwezi wa kwanza ngozi hung'aa. Baadaye mashavu huonyesha mishipa myekundu, ngozi huchubuka kwa kitambaa cha kujifutia, michirizi hutokea kwapani na kinenani, na vidonda vidogo hukataa kupona. Fangasi iliyopakwa krimu hizo hupoteza umbo lake la duara na kusambaa, ikamdanganya hata tabibu mzoefu.

Usimuulize mgonjwa kama anatumia mkorogo, kwa sababu atasema hapana. Mwambie: «Mama, nisaidie, nitajie kila unachojipaka tangu asubuhi mpaka unapolala, hata mafuta ya kawaida, na kesho niletee vikopo vyenyewe nivione.» Mimi hupanga vikopo mezani na kusoma viambato pamoja naye bila kumkemea, na hapo ndipo ukweli hutoka. Krimu kali iliyotumika muda mrefu isikatwe ghafla bila mpango, kwani uso huweza kulipuka kwa vipele na kuwaka moto, naye atairudia. Andika L90.8, au L90.6 kama ni michirizi tu, na uongeze msimbo wa kundi la Y56 unaoonyesha kwamba chanzo ni dawa ya kupaka.

Kwa anayehitaji steroidi kwa haki, mpe kipimo anachoweza kukikumbuka: mstari wa krimu kutoka kwenye pingili ya mwisho ya kidole cha shahada hadi nchani unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima.

Hatua ya sita: ngozi iliyokakamaa

Baka gumu, linalong'aa kama nta, lisilofinyika, bila historia ya jeraha, huenda ni morfea, L94.0, au L94.1 likiwa mstari mrefu kwenye mguu, mkono au paji la uso. Tazama vidole. Vikiwa vimekaza, na mgonjwa hawezi kupanua kinywa vizuri au anabanwa na pumzi, hiyo ni skleroda ya mwili mzima, M34, na inahitaji hospitali kubwa. Mzee mwenye mkanda unaokaba kidole kidogo cha mguu taratibu mpaka kinaning'inia ana ainhumu, L94.6, iliyoelezwa na daktari da Silva Lima huko Bahia, Brazili, mwaka 1867 kwa Waafrika waliokuwa wamepelekwa huko utumwani. Mguu uliovimba na kuwa mnene kama gome kwa matende au kwa udongo mwekundu wa volkano, kama inavyotokea katika sehemu za Uganda na Rwanda, usiuingize humu.

Hatua ya saba: kuandika

Andika kwanza maneno, ndipo msimbo. Maneno manne yanatosha: mahali, tabaka, mpaka, chanzo. Tabibu akiandika msimbo mtupu, anayekagua hawezi kujua kama alikosea ugonjwa au alikosea tarakimu. Epuka misimbo inayoishia na .9, ya magonjwa yasiyobainishwa, isipokuwa umeuliza na kugusa na bado hujui. Na ukiitumia, andika lini mgonjwa atarudi. Daftari la MTUHA, yaani la mfumo wa taarifa za huduma za afya, lina mistari michache ya magonjwa ya ngozi, kwa hiyo undani wote ubaki katika faili la mgonjwa.

Wanaohamia toleo la 11, lililoanza kutumika rasmi Januari 2022, watafurahi kuona kwamba keloidi na kovu nene hatimaye vimetenganishwa: chini ya EE60, keloidi ni EE60.0 na kovu nene ni EE60.1. Maana yake ni kwamba swali la mpaka wa jeraha, ambalo katika toleo la 10 ungeweza kulikwepa na bado ukapata msimbo sahihi, sasa halikwepeki.

Yule msichana wa sikio tulimwandika upya hivi: «Ndewe ya sikio la kulia, nyuma, demisi imezidi, imevuka mpaka wa tundu la hereni, mwaka mmoja, mama yake anayo kifuani. Keloidi, L91.0. Isikatwe. Rufaa kliniki ya ngozi kwa sindano.» Na yule mama: «Makwapa na mapaja, demisi imepungua, michirizi mipana, krimu yenye klobetasoli, kopo limeonwa. L90.6, na Y56. Arudi baada ya wiki mbili na vikopo vilivyobaki.»